Arjuna na upinde usiotoka mkononi

Kisa cha Arjuna, shujaa wa utenzi wa kale wa India, kikisimuliwa haraka huwa ni kisa cha mpiganaji aliyeingiwa na woga. Sivyo kilivyo. Huyu alifika uwanja wa vita wa Kurukshetra juu ya gari la farasi weupe, mkononi ana upinde unaojulikana kwa jina lake, Gandiva, na mshika hatamu wake ni Krishna mwenyewe, mungu katika umbo la mtu. Akamwomba amfikishe katikati ya majeshi mawili ili awatazame usoni wale atakaopigana nao. Akamwona Bhishma, babu aliyewalea. Akamwona Drona, mwalimu aliyemfundisha kuuvuta upinde. Akaona wajomba, wakwe, binamu. Kinywa kikamkauka, ngozi ikamwaka moto, upinde ukamponyoka, akaketi.

Alilolisema baada ya hapo ndilo la kusikiliza. Hakusema turudi nyuma. Alisema ni heri kuishi kwa chakula cha kuomba kuliko kuwaua walimu watukufu kama hawa. Masikio ya India ya kale hayakusikia humo ombaomba wa kituo cha basi. Yalisikia sanyasi: mtu aliyezima mioto ya ibada nyumbani kwake, akajifanyia ibada ya mazishi angali hai, akaacha mke, mali na jina, akatoka na bakuli. Arjuna anaomba ruhusa ya kuingia katika maisha ambayo watu wake waliyaheshimu kuliko karibu yote mengine. Na Krishna anamkatalia.

Sehemu kubwa ya Bhagavad Gita, beti 700 katika sura 18 ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata, ni maelezo ya kukataliwa huko. Humo ndimo neno yoga linapopata maana ambayo mtu anayelifahamu kutoka kwenye mkeka wa mazoezi huenda hajawahi kukutana nayo: namna ya kutenda huku umeshaacha. Naona ni moja ya majibu makali kabisa yaliyowahi kutolewa juu ya tofauti ya kutenda na kutotenda. Naona pia lina tundu, na tundu hilo limegharimu maisha ya watu.

Tuanze na neno karma, maana limechoka. Siku hizi mwizi akiibiwa tunasema "karma hiyo", kana kwamba ni deni linalorudi na riba. Katika Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu, karma ilikuwa kwanza tendo la ibada: kumimina samli motoni, kutamka mantra bila kukosea silabi. Kila ibada ilikuwa na tunda lake, iwe mvua, watoto wa kiume, ng'ombe au mbingu. Lakini wanazuoni wa ibada hizo, watu wa Mimansa, walitofautisha ibada ya haja na ibada ya wajibu. Ya haja unaifanya kwa sababu unataka kitu. Ya wajibu, kama ile ya moto wa asubuhi na jioni, unaifanya kwa sababu imekupasa. Kuitekeleza hakukuletei tunda lolote la pekee, kuiacha ndiko kosa. Ndani ya karakana hiyo kavu ya makuhani, kati ya samli na majivu, tayari kulikuwa na tendo lisilodai tunda. Krishna atalichukua hilo na kulitoa nje ya hekalu.

Kabla yake walikuja walioacha. Upanishad, maandiko ya tafakuri yaliyofungia Veda, zilipoeneza fikra kwamba kila tendo, si la ibada peke yake, hupanda mbegu itakayoota katika maisha mengine, akili iliyonyooka ilifika mahali pamoja: ukitaka kutozaliwa tena, acha kupanda. Karne ya 5 KK au karibu na hapo, kaskazini ya India ilikuwa na wengi walioipa dunia kisogo, wakiwemo Buddha na Mahavira. Wajaini, wafuasi wa Mahavira, ndio waliokwenda mbali zaidi. (Wajaini si Wahindu, ingawa mitaani kwetu wote huitwa Wahindi, na zamani Mabaniani; Waoshwal, Wajaini wa Nairobi na Mombasa, watakueleza tofauti bila kuombwa mara mbili.) Kwao karma ni kitu hasa, maada laini mno inayonasa kwenye roho kama vumbi kwenye nguo yenye unyevu. Anayetaka roho safi apunguze kutikisika.

Picha ya fikra hiyo iko Shravanabelagola, jimbo la Karnataka: sanamu ya Bahubali, mtakatifu wa Wajaini, yenye urefu wa mita 17 hivi, iliyochongwa katika jiwe moja karibu mwaka 981. Amesimama wima, uchi, mikono imeshuka, na mimea inayotambaa imempanda miguuni hadi mabegani. Alimshinda kaka yake katika kugombea ufalme, kisha saa ileile ya ushindi akauacha, akasimama msituni mwaka mzima bila kusogea. Kama kuna binadamu aliyefaulu kutotenda, ni huyu. Hata hivyo ukombozi haukuja. Katika masimulizi ya tawi moja la Wajaini, dada zake wawili walimwendea wakamwambia: ndugu yetu, shuka kwenye tembo. Tembo gani, na yeye amesimama juu ya miguu yake? Alikuwa amepanda tembo wa kiburi. Hakutaka kwenda kwa baba yake aliyekuwa mtawa, kwa sababu huko angelazimika kuwainamia wadogo zake waliotangulia kuingia utawani. Mwaka mzima mwili umetulia tuli na ndani mtu anapiga hesabu ya nani atamwinamia nani.

Wajaini wenyewe ndio waliolisimulia hilo, na Gita inasema jambo lilelile kwa ukali zaidi: anayevizuia viungo vyake akaketi huku moyoni anatafuna vile alivyoviacha, huyo ni mnafiki. Mahabharata ina toleo la mzaha pia. Baada ya vita Yudhishthira, kaka mkubwa wa Arjuna, anataka kuacha ufalme aende msituni. Bhima, mdogo wake mwenye nguvu na mdomo, anamjibu kwamba kama kuacha tu kungempa mtu ukamilifu, milima na miti ingekuwa imeshaupata zamani.

Wabrahmini, tabaka la makuhani, walikuwa na dawa nyingine kwa tatizo la walioacha, nayo ilikuwa ratiba. Kwanza uwe mwanafunzi, kisha mwenye nyumba, kisha mkaa msituni, mwisho sanyasi. Sheria za Manu zinasema mtu alipe kwanza madeni matatu, kwa wahenga wa Veda kwa kusoma, kwa mababu kwa kuzaa, kwa miungu kwa sadaka, ndipo afikirie ukombozi. Upanishad ya Jabala haikukubali kusubiri: siku dunia inapokutoka moyoni, siku hiyohiyo ondoka. Ukisoma maandiko haya mawili pamoja unasikia ugomvi wa kifamilia, baba anayemwambia kijana aoe kwanza na kijana ambaye mguu mmoja uko nje ya mlango.

Krishna haufuati upande wowote. Anaanza na jambo la kimwili tu: hakuna awezaye kukaa hata nukta moja bila kutenda. Unapumua, unapepesa macho, tumbo linasaga chakula. Aliyeketi ametenda kuketi. Hata mtawa anayekataa kazi zote kuna aliyemlimia mchele uliomo bakulini. Kwa hiyo chaguo la Arjuna kati ya kutenda na kutotenda halipo. Kuna kutenda kwa namna hii na kutenda kwa namna ile. Kisha unakuja ubeti wa 47 wa sura ya pili, unaonukuliwa kuliko wote na ambao karibu kila mara hukatwa mkia. Una mafungu manne. Haki yako iko katika kutenda. Haiko kamwe katika matunda. Matunda yasiwe ndiyo yanayokusukuma. Na la nne: wala usishikamane na kutotenda.

Hilo la nne ndilo linaloangushwa, na ndilo lililomlenga Arjuna. Kutotenda nako ni mali ambayo mtu hung'ang'ania. Kuna wanaoshikilia usafi wa mikono yao kama wengine wanavyoshikilia viwanja. Sura ya 18 inaligawa hilo vizuri: aliyeacha wajibu kwa kutoelewa kitu ameacha gizani, aliyeacha kwa kuogopa taabu ya mwili ameacha kwa tamaa ya raha, na tunda la kuacha hapati, aliyetenda linalompasa akaachilia tunda ndiye aliyeacha. Uvivu umepewa cheo chake halisi.

Msemaji wa Kiswahili hapa lazima agutuke, kwa sababu sisi tumelelewa na methali za matunda. Mchumia juani hulia kivulini. Mvumilivu hula mbivu. Hata subira tunaiuza kwa bei ya embe. Krishna hamkatazi mtu kuchuma, tena juani; anachomwambia ni kwamba kivuli si sehemu ya mkataba. Na tusidhani Wahindu wenyewe wanaishi hivyo kila siku. Wafanyabiashara wa Kigujarati, wa huko kwao na wa huku kwetu, hufungua daftari mpya za hesabu wakati wa Diwali, zikaombewa, na kwenye ukurasa huandikwa maneno mawili: heri, na faida. Mtu huyohuyo anaweza kuwa amesoma asubuhi yake kwamba hana haki ya tunda. Nalitaja bila kuwacheka. Dini yoyote iliyodumu ina mwenye duka anayeijua beti na pia anaijua bei.

Katika Upanishad ya Mundaka kuna ndege wawili, marafiki, wamekamata mti mmoja. Mmoja anakula tunda tamu. Mwingine hali, anatazama tu. Falsafa ya Sankhya ilitengeneza mfumo mzima kutokana na mgawanyo wa aina hii: kuna maumbile, ambayo ndiyo yanayofanya kila kitu kwa nguvu zake tatu, na kuna nafsi shahidi isiyofanya lolote. Gita inauchukua mgawanyo huo na kusema kosa la mtu liko katika kiwakilishi. Maumbile yanatenda, na aliyepumbazwa na umimi anasema "mimi ndiye mtendaji". Yogi anaona, anasikia, anagusa, anakula, anatembea, analala, anafumba na kufumbua macho, na moyoni anajua: sitendi lolote. Mwili ni mji wa malango tisa, naye amekaa humo kama mwenye mji, hatendi wala hatendeshi.

Hapo ndipo inapoeleweka kauli ya sura ya nne inayoonekana kama kitendawili: anayeona kutotenda ndani ya kutenda, na kutenda ndani ya kutotenda, huyo ndiye mwenye akili. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8 hivi, alipofika hapo alitoa mfano ambao mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Ukiwa ndani ya chombo kinachokwenda, miti ya ukingoni huonekana inarudi nyuma. Haijasogea. Na kitu kinachokwenda mbali sana na macho huonekana kimesimama. Hivyo ndivyo tunavyoibandika nafsi mwendo ambao si wake, na hivyo ndivyo tunavyowadhania wamesimama watu ambao ndani wanakimbia. Nani hajawahi kuona mikoko ikimpita?

Shankara lakini hakuridhika na Krishna kama alivyo. Kwake, tendo lisilodai tunda husafisha akili tu. Kinachookoa ni ujuzi kwamba nafsi na Brahman, uhalisi mmoja ulio nyuma ya vyote, ni kitu kimoja, na aliyefikia ujuzi huo tendo humwanguka lenyewe, kwa hiyo mwisho wa njia ni sanyasa ya kweli, ya bakuli na fimbo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India aliyefungwa na Waingereza huko Mandalay, Burma, kuanzia mwaka 1908, aliandika gerezani kitabu kinene cha kumpinga: Gita haikusemwa ili mtu aishie utawani, ilisemwa ili mtu ainuke akapigane, na Arjuna aliinuka. Kwa usomaji wa maandishi yalivyo, Tilak yuko karibu zaidi na ukweli. Ukimaliza Gita na Arjuna bado ameketi, umesoma kitabu kingine.

Hata hivyo napenda zaidi simulizi la maisha ya Shankara kuliko hoja yake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto huko Kaladi, Kerala, mama yake mjane alimkatalia kuwa mtawa, kwa kuwa hakuwa na mwana mwingine. Siku moja mtoni mamba akamkamata mguu. Kijana akapiga kelele: mama, nakufa, niruhusu basi nife nikiwa sanyasi. Mama akaruhusu. Mamba akaachia. (Kila ninapolisoma najiuliza mama yule alimwonaje mamba huyo.) Kabla ya kuondoka, kijana aliahidi kwamba siku ya kufa kwa mama atarudi amzike mwenyewe. Ahadi hiyo haikuwezekana kisheria: sanyasi ameshazima mioto yote, hana mama, hana baba, haruhusiwi kushika ibada ya maiti. Akarudi. Ndugu wakakataa kumsaidia, wakimwambia mtawa hana kazi kwenye mazishi. Akamchoma mama yake peke yake, karibu na nyumba.

Mwalimu mkuu wa kuacha alivunja kanuni ya kuacha kwa sababu ya maiti ya mama, na wafuasi wake, ambao wangeweza kulifuta simulizi hilo, wakalihifadhi. Je, alikuwa ameshikamana, au alikuwa ametenda linalompasa bila kutaka kitu? Kwa macho hutajua. Ndugu zake walioshika kanuni hawakujua.

Nimefika kwenye tundu. Kuacha kwa nje kunaonekana. Kichwa kimenyolewa, nguo ni ya rangi ya zafarani, chakula ni cha kuomba. Sanyasi akikutwa na sanduku la dhahabu kila mtu anajua ameanguka. Gita inamnyang'anya mtawa jina lake na kulihamishia moyoni: sanyasi wa kweli, sura ya sita inasema, ni anayetenda linalompasa bila kutegemea tunda, wala si yule asiyewasha moto. Ni hatua kubwa, kwa sababu inamfungulia mlango mama mwenye watoto saba na karani wa serikali. Lakini moyoni hakuna shahidi. Kila mtu anaweza kujitangaza ameshaacha, huku akiendelea na alichokuwa akikifanya.

Na nani hasa anamwambia nani asidai tunda? B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii iliyoitwa haigusiki na baadaye akaongoza uandishi wa katiba ya India huru, aliisoma Gita kama utetezi wa kifalsafa wa mpangilio wa matabaka. Ana ushahidi. Linalompasa mtu, ndani ya kitabu, linaamuliwa na kuzaliwa kwake: ni bora kuitenda kazi ya tabaka lako vibaya kuliko ya mwingine vizuri, na sura ya 18 inasema kazi ya Shudra, mtu wa tabaka la nne, ni kutumikia. Mfagiaji akiambiwa fanya kazi yako bila kutazama tunda, tunda halijapotea hewani. Kuna anayelila. Siku hizi jambo hilo limevaa nguo laini zaidi: kuna vituo vya yoga, India na Ulaya, ambako kazi ya bure ya kusafisha vyoo na kumenya viazi huitwa karma yoga, na wenye vituo hutoza ada ya darasa. Mwalimu au muuguzi wa kwetu aliyewahi kudai malimbikizo ya mshahara akajibiwa kwamba kazi hii ni wito, ataitambua sauti hiyo hata ikisemwa kwa Kisanskriti. Haitoshi kusema fundisho limetumiwa vibaya. Fundisho linalomwacha mwenye nguvu alitumie hivyo bila hata kupinda neno lina kasoro ndani yake.

Kesi nzito zaidi ni ya watu wawili na kitabu kimoja. Mohandas Gandhi aliijua Gita akiwa mwanafunzi London mwaka 1889, na kwa aibu kidogo, kwa sababu ni Waingereza waliomwomba aisome nao. Baadaye aliitafsiri kwa Kigujarati, akaipa jina la yoga ya kutoshikamana, nayo ikatoka tarehe 12 Machi 1930, siku aliyoanza kutembea na wenzake 78 kutoka Sabarmati kwenda Dandi kuokota chumvi, kinyume cha sheria ya Waingereza. Tarehe 6 Aprili akainama akaiokota. Chumvi ya konzi moja haina faida sokoni. Ni tendo lililojaa, na tunda lake lilikuwa nje ya mikono yake kabisa.

Tarehe 30 Januari 1948 Nathuram Godse, Mhindu wa siasa kali, alimpiga Gandhi risasi akamuua. Mahakamani alijitetea kwa mfano wa Arjuna aliyelazimika kuwaua hata jamaa zake, na Bhishma wa kuheshimiwa. Tarehe 15 Novemba 1949 alinyongwa katika gereza la Ambala, na inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye kitanzi ameshika Gita. Hakuomba msamaha, hakukana kwamba ndiye aliyepiga. Ukimpima kwa kipimo cha kutoshikamana peke yake, kwa utulivu mbele ya faida na hasara, kushinda na kushindwa, kipimo hicho kitakwama. Huwezi kumwondoa kwenye orodha kwa maneno ya sura ya pili.

Gandhi alilijua tatizo hilo kabla ya risasi. Katika utangulizi wa tafsiri yake anakubali, kwa uaminifu ambao wachambuzi wengi hawana, kwamba kwa herufi za Gita inawezekana kusema vita vinapatana na kuachilia tunda. Lakini anaongeza kwamba baada ya miaka 40 ya kujaribu kuyaishi mafundisho yake, ameona kuacha kukamilifu hakuwezekani bila ahimsa, kutodhuru, katika kila sura yake. Angalia alichofanya. Hakudai kwamba kitabu kinasema hivyo. Ameleta kipimo kutoka nje ya kitabu, kutoka katika maisha yake, akakiweka juu ya kitabu.

Nasema nje, ingawa hakikutoka mbali. Kiko kwenye Yoga Sutra ya Patanjali, maandishi mafupi ya sutra 195 hivi ambayo walimu wa mkeka huyataja sana. Wangeyahesabu wangeona mkao wa mwili umepewa sutra tatu tu, na ya kwanza inasema uwe imara na wa raha, basi. Viungo vya yoga ni vinane. Cha kwanza ni makatazo, na katazo la kwanza ni kutodhuru. Kisha Patanjali anaongeza kauli ambayo ningependa Krishna angeijibu: makatazo hayo ni nadhiri kuu, hayana mpaka wa kuzaliwa, wa mahali, wa wakati wala wa hali. Mfafanuzi wake wa kale, aitwaye Vyasa, anaeleza mpaka ni nini. Mvuvi anayesema sidhuru chochote ila samaki, huyo ametoa nadhiri yenye mpaka. Na wa mwisho katika mifano yake ni shujaa anayesema sidhuru ila vitani.

Ila vitani. Huyo ni Arjuna, katajwa karibu kwa jina, na ameshindwa mtihani.

Kwa hiyo ndani ya fikra za Kihindu zenyewe kuna yoga mbili ambazo vitabu vya utangulizi huzipanga kwenye rafu moja kana kwamba zinakubaliana. Moja inasema tenda, achilia, na usijali sana kwamba tendo lenyewe ni kuua, mradi limekupasa. Nyingine inasema kuna matendo ambayo hakuna wajibu unaoyahalalisha, kisha inakupeleka kimyakimya hadi akili ituame na nafsi ibaki peke yake, mahali ambapo hakuna jirani wa kudhurika wala wa kusaidiwa. Ya kwanza ina dunia na haina breki. Ya pili ina breki, na gari limeegeshwa. Gandhi alichukua tendo la huku na katazo la kule, akavifunga pamoja kwa mkono wake. Sijui jina la kitabu cha kale kilichofanya hivyo kabla yake kwa ukamilifu uleule.

Na Arjuna? Aliinuka, akapigana siku 18, wakashinda. Baadaye, katika kitabu cha 14 cha Mahabharata, amekaa na Krishna kwa starehe, anamwambia: yale uliyonieleza siku ile uwanjani yamenitoka akilini, nieleze tena. Krishna anakasirika. Anamwambia amekosa sana, kwamba maneno yale hawezi kuyarudia yote, na badala yake anamsimulia hadithi nyingine.

Miaka mingi inapita. Krishna amekufa. Arjuna anawasindikiza wajane wa ukoo wa Krishna, wanavamiwa na wezi wenye fimbo njiani, naye anatatizika hata kuufunga uzi wa upinde. Wengi wanachukuliwa mbele ya macho yake. Ndipo Arjuna na ndugu zake wanne, pamoja na Draupadi mke wao, wanaacha kila kitu, wanavaa magome ya miti, na kuanza safari ya mwisho kwa miguu, mbwa mmoja nyuma yao. Wameacha ufalme, wameacha vito, wameacha mioto ya ibada. Kisha mtunzi anataja, kama kwa bahati, kwamba Arjuna bado amebeba Gandiva, kwa kukipenda kitu cha thamani. Wanafika baharini. Agni, mungu wa moto, anasimama njiani kama mlima, anamwambia upinde ule aliuazima kwa Varuna, mwenye maji, na umefika wakati wa kuurudisha. Ndugu zake nao wanamsihi. Anautupa majini, na mapodo yake mawili ya mishale.